Fustat, karne ya 12: faida ya Ijumaa kwa Myahudi, faida ya Jumamosi kwa Mwislamu. Walifikaje hapo?

#1 KaramuYaMwanzi

Wanajamvi, salaam.

Kuna swali la kisheria alilopelekewa Musa bin Maimun (Maimonides), mwanasheria wa Kiyahudi, alipokuwa akiishi Fustat, mji wa kale jirani na Kairo, Misri, nusu ya pili ya karne ya 12. Nalifupisha. Kuna karakana ina washirika, wengine Wayahudi, wengine Waislamu, ufundi wao mmoja. Wamepatana kwamba faida ya Ijumaa ni ya Wayahudi na ya Jumamosi ni ya Waislamu. Vyombo vya kazi ni mali ya shirika. Karakana moja ni ya masonara, nyingine ya watengeneza vioo. Je, inafaa? Akajibu inafaa.

Myahudi namwelewa, Jumamosi hagusi moto wala nyundo. Kinachonisumbua ni Ijumaa. Sura ya 62 aya ya 9 inamtaka Mwislamu aache biashara anapoitwa kwenye swala, na aya ya 10 inasema swala ikiisha watu watawanyike wakatafute riziki. Hakuna pumziko la siku nzima hapo. Sasa fundi wa Kiislamu aliridhia vipi kuachia mapato ya siku nzima? Ni ujirani mwema, ni sheria, au ni hesabu ya pesa?

#2 BintiKadhi

Ni sheria, na inatoka upande wa Myahudi. Musa bin Maimun mwenyewe ameipanga katika Mishneh Torah, kitabu chake cha sheria za Kiyahudi, mlango wa Sabato, sura ya 6. Kuna hali tatu.

Ya kwanza, washirika wanaweka sharti tangu siku ya kufungua shirika: mapato ya Jumamosi, yawe mengi yawe machache, ni ya asiye Myahudi peke yake, na mapato ya siku nyingine badala yake ni ya Myahudi peke yake. Hiyo inafaa.

Ya pili, hawakuweka sharti. Siku ya kugawana, asiye Myahudi anachukua mapato ya Jumamosi zote, kilichobaki wanagawana sawa. Myahudi haongezewi kitu cha kufidia.

Ya tatu, hawakuweka sharti na hakuna ajuaye Jumamosi ziliingiza ngapi. Hapa anatoa rai yake mwenyewe: mwenzake atoe kwanza subui moja (sehemu moja ya saba) ya mapato yote, kisha wagawane.

Sababu ni hii. Bila sharti la mwanzo, kazi ya kila siku ni ya wote wawili. Myahudi akija baadaye kudai siku ya fidia, ni kama alimwajiri mwenzake amfanyie kazi siku ya Sabato, na hilo ndilo lililokatazwa. Likiwekwa mwanzoni, kazi ya Jumamosi haikuwa yake hata dakika moja.

Tuweke hesabu ya mfano. Wiki imeingiza dirham 70, kila siku 10. Penye sharti, kila mmoja anapata 35. Pasipo sharti, Mwislamu anachukua 10, zinabaki 60, kila mmoja 30: Mwislamu 40, Myahudi 30. Kusahau mstari mmoja wa hati kunamgharimu Myahudi dirham 5 katika kila 70.

#3 Tanuri

Shukrani BintiKadhi, hiyo subui sikuwa naijua. Lakini sheria inaeleza kwa nini waligawana siku, haielezi kwa nini hawakufunga tu karakana Jumamosi. Tuangalie ufundi wenyewe.

Kioo cha Misri cha wakati ule ni mchanga na majivu ya mimea ya chumvi. Zamani walitumia magadi ya Wadi al-Natrun, ila kuanzia karne ya 9 majivu ndiyo yaliyotawala. Kuyeyusha kunataka moto wa karibu nyuzi 1100 za Selsiasi. Tanuri la namna hiyo huliwashi asubuhi ukalizima jioni. Linapandishwa joto polepole, maana ukiharakisha vyungu vya kuyeyushia vinapasuka. Ukiliacha lipoe, kioo kinagandia ndani ya chungu, na ukiliwasha tena chungu kinapasuka kwa sababu kioo na udongo havitanuki sawa. Na vyombo vilivyokwisha kupulizwa vinahitaji chumba cha pembeni chenye moto hafifu, vipoe taratibu. Vikipoa ghafla vinapata nyufa.

Kwa hiyo kuni zinaliwa Jumamosi mtu afanye kazi asifanye. Mshirika asiyeshika Sabato hapo ni kama kiungo cha tanuri. Mimi naona Mwislamu alilipwa Jumamosi kwa sababu bila yeye tanuri lingekufa kila wiki.

#4 NahodhaWaKusi

Tanuri, umeeleza nusu ya swali. Na sonara je? Moto wa sonara ni jiko la mkaa na mrija wa kupulizia. Unawaka kabla chai haijachemka na unazimwa kwa kiganja cha majivu. Sonara anaweza kufunga Jumamosi na asipoteze hata chungu kimoja.

#5 Tanuri

Kweli, kwa sonara hoja yangu haifiki.

#6 MsomaBarua

Kwa sonara tazameni soko. Ufundi wa dhahabu na fedha Misri ulikuwa na Wayahudi wengi. Jumamosi maduka mengi ya masonara yamefungwa. Duka lililo wazi siku hiyo linapokea wateja wa mtaa mzima: anayetaka kufunga kitasa cha bangili, mwenye harusi, anayetaka kuuza dhahabu chakavu. Jumamosi ya Mwislamu ina thamani kuliko Jumanne.

Ijumaa nayo ina lake. Watu wanatoka pande zote kuja kuswali Msikiti wa Amr, msikiti mkuu wa Fustat, na wakitoka wako sokoni. Yaani huenda kila mmoja alichukua siku ambayo mwenzake hawezi kuitumia vizuri, na zote mbili zilikuwa siku nzuri. Hapo hakuna aliyemwachia mtu kitu.

#7 Andalusi_TZ

Naona mnapunguza jambo kubwa likawa la dirham. Huu ndio ushahidi wa dini tatu kukaa pamoja kwa amani. Musa bin Maimun mwenyewe, mzaliwa wa Kairo, alikuwa tabibu wa Salahuddin, mtawala wa Misri, na wagonjwa wake walikuwa wa dini zote. Jamii isiyo na mapenzi haiwezi kuzaa mtu kama huyo.

#8 BintiKadhi

Andalusi, jina lako lenyewe lilitakiwa kukukumbusha alikozaliwa. Ni Córdoba, mwaka 1138 (vitabu vingi vya zamani vinasema 1135). Familia yake iliondoka kwa sababu Wamuwahidi, watawala Waislamu kutoka Afrika Kaskazini walioichukua Córdoba 1148, waliwabana Wayahudi na Wakristo. Wakakaa Fez (Moroko), wakapita Akka (Palestina) mwaka 1165, ndipo wakaingia Misri.

Na utabibu: mlezi wake mkubwa alikuwa al-Qadi al-Fadil, waziri wa Salahuddin, na baadaye akamtibu al-Afdal, mtoto wa Salahuddin. Kuhusu wagonjwa uko sawa. Katika barua yake ya 1199 kwa Samuel ibn Tibbon, mfasiri wa vitabu vyake, anasema anatoka Kairo kwenye jumba la mtawala mchana umeshapita, ana njaa, anakuta baraza imejaa Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa kwa wadogo, na anashuka kwenye mnyama wake ananawa mikono anawaomba wamvumilie ale kidogo.

#9 Andalusi_TZ

Nimekubali masahihisho. Ila tazama: aliyefukuzwa na watawala Waislamu upande mmoja akapokewa na watawala Waislamu upande mwingine. Hilo nalo lina maana yake.

#10 Mshafii_Pwani

Asalaam alaykum. Mnazungumza sheria ya Myahudi tu. Yule Mwislamu naye alikuwa na fikihi yake, na hapo ndipo pagumu.

Shirika la mafundi kuchangia nguvu zao na kugawana pato linaitwa shirika la abdani. Kwa Imamu Shafii, madhehebu yetu huku pwani, shirika hilo ni batili. Yeye anakubali shirika la inani tu, mtu atoe mali na mwenzake atoe mali, zichanganywe. Hanafi wanalikubali la abdani. Maliki wanalikubali kwa masharti, na masharti yao makuu ni ufundi uwe mmoja na mahali pawe pamoja. Sasa rudini bandiko #1: "karakana", "ufundi wao mmoja", "vyombo ni mali ya shirika". Aliyeandika swali lile kana kwamba anapita juu ya masharti ya Maliki, moja baada ya jingine.

Kushirikiana na asiye Mwislamu nako kuna maneno. Abu Hanifa hakubali shirika la mufawadha (la usawa kamili wa mali na dhamana) baina yao, anakubali la inani. Malik anachukia isipokuwa Mwislamu awepo miamala inapofanyika, kwa hofu ya riba na pombe.

#11 KaramuYaMwanzi

Mshafii, wa alaykum salaam. Hoja nzito, lakini aliyeuliza alikuwa Myahudi anamwandikia mwanasheria wa Kiyahudi. Kwa nini ahangaike na masharti ya Maliki?

#12 Mshafii_Pwani

Kwa sababu ugomvi ukitokea Mwislamu hatampeleka kwa hakimu wa Kiyahudi. Watakwenda kwa kadhi. Mkataba ulitakiwa usimame sehemu mbili. Na Salahuddin alimweka Mshafii kuwa kadhi mkuu, kwa hiyo mkataba wa namna hiyo ulikuwa na hatari yake. Labda ndiyo maana wakasisitiza vyombo ni vya shirika, ili waonyeshe kuna mali iliyochanganywa.

#13 MsomaBarua

Hilo la mkataba kusimama sehemu mbili lina ushahidi. Sinagogi ya Ben Ezra pale Fustat ilikuwa na chumba cha kuhifadhia karatasi zilizochakaa, Geniza, kwa kuwa karatasi yenye jina la Mungu haitupwi. Mwishoni mwa mwaka 1896 Solomon Schechter alifika Kairo, akachukua vipande vipatavyo 193,000 kwenda Cambridge. Sehemu kubwa ya barua na hati za biashara humo ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, mchezo uleule wa Kiswahili kuandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Humo mna mikataba ya mtaji wa aina mbili. Ya Kiyahudi inaitwa iska: nusu ya mtaji ni mkopo, nusu ni amana. Hasara ikitokea, anayesafiri nao anabeba ile nusu ya mkopo. Ya pili ni kiradhi, ndiyo mudharaba yetu: hasara yote ni ya mwenye mtaji, msafiri anapoteza jasho lake tu. Wafanyabiashara wa Kiyahudi waliandika wao kwa wao mikataba ya aina hii ya pili na kuita wazi "kiradhi cha mataifa", yaani cha wasio Wayahudi. Walichagua sheria ya jirani kwa sababu ilimfaa kijana mwenye nguvu asiye na mali. Dhahabu ikizama baharini, kwa iska anarudi nyumbani na deni.

#14 NahodhaWaKusi

Na bahari hiyo ni hii yetu. Aden, wakati huohuo, mkuu wa wafanyabiashara wa Kiyahudi Madmun bin Hasan aliunda meli ya kwenda Ceylon akishirikiana na Bilal bin Jarir, mtawala Mwislamu wa Aden. Barua za Geniza zina mizigo ya Wayahudi iliyopakiwa katika meli za Ramisht wa Siraf, tajiri Mwislamu aliyekufa 1140. Kwenye jahazi hakuna upande wa Wayahudi na upande wa Waislamu. Chombo kikizama kinazama na wote.

#15 Mdadisi85

Samahani kuwarudisha nyuma. Ijumaa inaanza saa ngapi na kwisha saa ngapi katika mkataba huo? Sonara akiuza pete Ijumaa baada ya magharibi, ni pesa ya nani?

#16 KaramuYaMwanzi

Swali zuri kuliko langu. Kwa wote wawili siku inaanza jua likizama. Mzee wa Kiswahili wa zamani akikwambia "usiku wa Ijumaa" ana maana ya Alhamisi jioni, na Jumamosi yetu ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa kwa mpango huohuo. Washirika hawakuhitaji kubishana: pete iliyouzwa baada ya magharibi ya Ijumaa ni ya Mwislamu.

Ila Kairo iko karibu nyuzi 30 kaskazini, mchana haulingani kama Mombasa. Desemba jua linazama kama saa kumi na moja jioni, Juni kama saa moja usiku. Mchana wa Desemba ni wa saa 10 hivi, wa Juni saa 14. Na Myahudi lazima aache kazi kabla jua halijazama, aoge, taa ziwe zimewashwa. Kwa hiyo Ijumaa ya Desemba ni fupi, na Jumamosi ya Mwislamu inaongezewa jioni yote ya Ijumaa kama anataka.

#17 BintiKadhi

Ongeza kazi iliyoanza Alhamisi ikalipwa Jumamosi. Bangili imefuliwa Alhamisi na wote, mteja anakuja Jumamosi na dinari. Je, ni faida ya siku ya kazi au ya siku ya malipo? Kama daftari linaandika fedha inapoingia tu, Jumamosi inavimba kwa kazi ya wiki nzima. Kule kusema "mapato ya Jumamosi hayajulikani" katika ile hali ya tatu nadhani kunatokana na vurugu za aina hii. Fundi makini angeandika siku ya kuanza kazi na siku ya kuimaliza.

#18 Dhima_na_Deni

Nimesoma yote kimya. Naomba tusisahau nani alikuwa na rungu. Yule Myahudi na jirani yake Mkristo walilipa jizya, kodi ya kichwa ya wasio Waislamu. Kwa Hanafi ni dirham 48 kwa tajiri, 24 kwa wa kati, 12 kwa maskini afanyaye kazi, kila mwaka. Goitein, aliyetumia maisha yake kusoma Geniza, alikadiria dinari 2 kwa mwezi ziliitosha familia ya kawaida, na dinari ilikuwa takriban dirham 36 hadi 40. Kisheria fukara amesamehewa, lakini barua zina watu wanaojificha majumbani wakimkwepa mtoza. Ukitaka kusafiri unabeba stakabadhi, usipokuwa nayo unakamatwa.

Halafu kuna khalifa al-Hakim (996–1021). Mwaka 1012 aliamuru Kanisa la Kaburi Takatifu Yerusalemu livunjwe, na sinagogi ya Fustat nayo ikavunjwa. Wakristo wakavishwa misalaba mizito shingoni. Karakana ya #1 ilikuwa juu ya ardhi ya namna hiyo. Sharti la Ijumaa ni mnyonge kujihami kwa karatasi.

#19 MsomaBarua

Kanisa ni 1009. Sinagogi ndiyo ya karibu 1012. Na mwishoni mwa utawala wake al-Hakim huyohuyo aliwaruhusu waliosilimu kwa nguvu warudi dini zao, majengo yakajengwa upya. Sikatai hoja yako ya rungu. Mwaka 1301, wakati wa Mamluki, ndipo vilemba vikapangwa rangi: buluu kwa Mkristo, manjano kwa Myahudi, nyekundu kwa Msamaria. Mwaka 1321 makanisa mengi yakavunjwa Kairo.

Ila mnyonge tu haelezi nyumba. Katika hati za Fustat nyumba inagawanywa kirati 24, kama mirathi. Unakuta mtu ana kirati 6 za nyumba na nyingine ni za mtu wa dini nyingine. Hati ya mauzo inataja mipaka minne, na majirani katika mipaka hiyo wamechanganyika. Mtaa wa Kiyahudi uliofungwa kwa lango haukuwepo pale.

#20 Dhima_na_Deni

Asante kwa 1009, nilichanganya. La nyumba nakubali.

#21 BintiKadhi

Dhima, na mnyonge ndani ya mnyonge? Kwa sheria ya Kiyahudi binti harithi akiwapo mwana. Anapata matunzo na mahari ya kutokea nyumbani. Kwa kadhi binti anapata nusu ya fungu la mwana. Baba akiacha dinari 300, mwana na binti, kwa kadhi ni 200 na 100. Viongozi wa Kiyahudi walitisha kuwatenga wanaopeleka mambo yao kwa kadhi, na wapo waliokwenda vilevile. Kwa binti huyo, mahakama ya mwenye rungu ilikuwa na mlango ambao nyumbani haukuwepo.

#22 Mdadisi85

Mbona Wakristo mmewasahau? Kichwa cha habari ni dini mbili tu.

#23 Andalusi_TZ

Hapo nina la kusema. Hesabu za serikali zilishikwa na makarani wa Kikopti, yaani Wakristo wenyeji wa Misri, na kodi ya ardhi ilifuata miezi ya Kikopti, kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 na mavuno hayaufuati. Mwaka wao mpya, tarehe 1 Tut, waliuita Nauruzi, jina lilelile la Kiajemi ambalo huku kwetu ni Nairuzi, ile ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi.

Na usiku wa Ghitas, ubatizo wa Yesu: al-Masudi alikuwapo Fustat mwaka 330 wa Hijra, Januari 942. Mtawala, Muhammad bin Tughj al-Ikhshid, Mwislamu, aliamuru mienge 1000 iwashwe kando ya Nile mbali na ile waliyowasha watu wenyewe. Waislamu na Wakristo walijaa mtoni na kwenye mashua, na wengi wakazama majini wakiamini ni kinga ya maradhi. Al-Masudi ndiye yuleyule aliyefika Kanbalu, pwani ya Zanji, kama mwaka 916.

#24 NahodhaWaKusi

Wakazama wakafa?

#25 Andalusi_TZ

Hapana mkuu, wakajitosa. Kuoga.

#26 Tanuri

Basi nirudi tanurini. Tuseme anaingia mshirika wa tatu, Mkopti, hataki kazi Jumapili. Siku 7, washirika watatu. Ijumaa kwa Myahudi, Jumamosi kwa Mwislamu, na Mkopti? Akiingia Ijumaa pamoja na Myahudi na Jumamosi pamoja na Mwislamu, wanagawana nusu kwa nusu, na Jumapili Myahudi na Mwislamu wanagawana. Mwislamu anaingia zote mbili, kwa hiyo akiachia Ijumaa yote bado yuko sawa. Hesabu inakaa: kila siku dirham 12, Ijumaa 12 kwa Myahudi na Mkopti (6 na 6), Jumamosi 12 kwa Mwislamu na Mkopti (6 na 6), Jumapili 12 kwa Myahudi na Mwislamu (6 na 6). Kila mmoja 12. Hapo ndipo Ijumaa ya Mwislamu inapopata maana: kila mtu anatoa siku moja, hakuna wa kuuliza kwa nini fulani hatoi.

#27 BintiKadhi

Hesabu imekaa, Tanuri. Ila kwa Myahudi sharti lazima liandikwe kabla kuni hazijawashwa. Mkopti akiingia katikati ya mwaka, shirika la zamani livunjwe, vyombo vithaminiwe, lifunguliwe jipya.

#28 Mshafii_Pwani

Na mkataba huo mpya unapelekwa kwa kadhi yupi, Mshafii au Mmaliki?